Dungu la baba zetu na Sikukuu ya Vibanda

Huku kwetu Matogoro, pembeni mwa mji wa Songea, Juni imeingia na baridi yake. Mvua zimeshakatika, mahindi yanaendelea kutolewa shambani, shule zimefungwa, na mkulima ambaye tangu Novemba hakuwa na jioni yake mwenyewe sasa anaweza kukaa mbele ya nyumba akauangalia mlima bila kuwaza palizi.

Katika siku hizi mama mmoja alinisimamisha baada ya Misa. Wanawe wameona kwenye simu familia ya Wazungu imepiga hema nyuma ya nyumba yao, wamewasha moto, wanachoma nyama, kisha wanalala humo mpaka asubuhi ilhali vitanda vyao vipo ndani. Sasa nao wanataka kulala uani. "Baba, hayo si maigizo ya Wazungu? Mtu mwenye nyumba anaachaje kitanda akalale nje kama mkimbizi?" Nilimwomba anipe muda nimjibu vizuri. Neno lile la mwisho, mkimbizi, lilinigusa mahali ambapo pengine yeye hakukusudia, na nitalifikia.

Kwanza hili la Uzungu. Msomaji wa miaka hamsini kwenda juu aliyekulia Ungoni, Umatengo au Undendeule hahitaji kufundishwa na simu namna ya kulala nje. Alilala dunguni. Mahindi yalipoanza kubeba, ngedere walikuja mchana na nguruwe pori usiku, na shamba lisilo na mlinzi lingeweza kwisha kwa usiku mmoja. Kwa hiyo baba alichimbia nguzo nne, akatandaza fito juu yake, akaezeka nyasi, na chini akasogeza gogo la moto lisilozimika kirahisi. Babu alipanda na wajukuu wawili watatu na debe tupu la kugonga. Ilikuwa kazi, tena kazi ya hatari, lakini muulize mtu yeyote aliyeifanya akiwa mtoto, uone uso wake unavyobadilika. Atakueleza harufu ya mahindi mabichi kwenye makaa, sauti ya mvua juu ya nyasi, na hadithi. Dunguni ndiko wengi wetu tulikosikia kwa mara ya kwanza habari za Vita vya Maji Maji na jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake. Hatukuyasoma kwanza kitabuni. Tulisimuliwa gizani na mtu ambaye naye alisimuliwa gizani.

Hata yule Mwingereza Baden-Powell, aliyeanzisha skauti kwa kambi ya wavulana kisiwani Brownsea mwaka 1907, mengi aliyowafundisha vijana wa kwao juu ya maisha ya porini aliyapata akiwa Afrika. Naye amezikwa Nyeri, Kenya, tangu mwaka 1941. Basi mtoto wa Matogoro anayeomba kulala uani haombi kitu cha mbali sana.

Wakristo tuna sababu nyingine ya kutoshangaa, nayo imo katika Biblia zetu, ingawa ni nadra kuihubiri. Waisraeli walikuwa na sikukuu tatu kubwa za mwaka. Pasaka tunaijua, Pentekoste tunaijua. Ya tatu ni Sikukuu ya Vibanda, na hii imetuponyoka kwa kuwa haikuingia katika kalenda yetu kama zile nyingine. Kitabu cha Walawi, sura ya 23, kinaagiza kwamba baada ya kukusanya mazao ya nchi watu wakate matawi, wajenge vibanda, wakae humo siku saba na kufurahi mbele ya Bwana. Mungu anaagiza kufurahi! Kuna amri nyingi tunazozikumbuka kwa haraka zaidi kuliko hiyo.

Wataalamu wa Maandiko wengi wanaona kwamba vibanda hivyo vilikuwa ndugu wa karibu wa vibanda vya shambani, vile ambavyo wavunaji na walinzi walilala wakati wa mavuno. Isaya anakitaja kimoja katika sura ya kwanza, kibanda cha mlinzi kilichoachwa peke yake ndani ya shamba, anapotafuta mfano wa Yerusalemu iliyobaki ukiwa. Mtu wa Ruvuma akisoma mstari ule haulizi maana yake. Ameshaliona dungu mwezi wa Agosti, mahindi yameshavunwa, nyasi za paa zinapeperuka. Wayahudi wengi mpaka leo bado hujenga vibanda hivyo kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, na wengine hula na kulala humo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni Nehemia sura ya 8. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, ukuta wa mji umejengwa upya, na kuhani Ezra anawasomea Torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wanalia. Wanaposikia yaliyoandikwa wanaona walivyopotoka, na wangeendelea kulia, lakini wanaambiwa waache: waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yake mtu ambaye hakuandaliwa kitu. Kesho yake wanakuta katika Torati habari ya vibanda. Wanatoka kwenda mlimani, wanarudi na matawi ya mizeituni, ya mihadasi na ya mitende, na wanajenga. Wapi? Mwandishi anataja mahali: juu ya madari ya nyumba zao, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu na katika viwanja vya malango ya mji. Nyua zao, mpendwa msomaji. Walikuwa na nyumba, wakalala uani. Na anaongeza kwamba furaha yao ilikuwa kubwa mno.

Sasa nirudi kwa yule mama na mkimbizi wake, maana bila kujua alikuwa ameitaja shabaha yenyewe ya sikukuu. Walawi 23:43 inaeleza kwa nini mtu mwenye nyumba ya mawe alale chini ya matawi: ili vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha Waisraeli katika vibanda alipowatoa Misri. Kwa maneno mengine, ili mwenye nyumba akumbuke kwa mgongo wake mwenyewe kwamba baba zake walikuwa wakimbizi. Tajiri wa Yerusalemu alipoamka usiku wa tatu na umande shingoni, alikuwa anasoma historia ya taifa lake.

Sisi watu wa mkoa huu tungeweza kuelewa jambo hilo kuliko wengi. Mto Ruvuma unaanzia katika milima hii ya Matogoro, unateremka na baadaye unakuwa mpaka wetu na Msumbiji mpaka Bahari ya Hindi, safari ya kilometa karibu 800. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, maelfu ya watu waliuvuka mto huo kuja upande wetu. Walilala nje. Walilala chini ya miti, kisha chini ya nyasi walizokata wenyewe, mpaka walipopewa ardhi ya kulima. Wapo wazee wetu waliowapelekea unga. Wapo wengine ambao ni watoto wa waliovuka, na leo wanakaa mabenchi ya mbele kanisani na wajukuu wao hawajui. Mtoto anayelala uani usiku mmoja na kulalamika kwamba ardhi ni ngumu, huo ndio wakati wa kumweleza.

Na Bwana wetu je? Mwinjili Yohane, anaposema kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, anatumia neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga hema. Nilipofundishwa hilo seminarini nilidhani ni pambo la lugha tu. Halafu unasoma Luka 21:37 na kukuta kwamba katika wiki ya mwisho ya maisha yake Yesu alifundisha hekaluni mchana, na usiku alitoka kwenda kulala katika mlima wa Mizeituni. Unasoma Marko 6 na kukuta anawaita mitume waliochoka, ambao hawakupata hata nafasi ya kula, waende faraghani wakapumzike kidogo. Mapumziko yale yalivamiwa na umati, lakini tazama anavyoupokea: anawaketisha mafungu mafungu, mamia na hamsini hamsini, juu ya majani mabichi. Marko hana desturi ya kupamba, lakini rangi ya majani ameitaja. Yohane naye anasema Pasaka ilikuwa karibu, yaani mvua zilikuwa zimepita na nyasi bado zina uhai. Na baada ya ufufuko, alfajiri kando ya ziwa, wanafunzi wanamkuta Bwana ameshawasha makaa na samaki wako juu yake. Mtu wa Mbamba Bay anayechoma mbasa ufukweni asubuhi anaijua harufu ya Injili ile.

Nimetaja Mbamba Bay, na hapo ndipo penye kidonda changu. Jumuiya moja ya huku kwetu ilipanga matembezi ya kwenda ziwani, kumshukuru Mungu kwa mavuno. Wazo zuri. Ni zaidi ya kilometa 150 kwenda, kwa hiyo likakodiwa basi, zikashonwa fulana za rangi moja, akatafutwa mpiga picha na mwenye spika kubwa. Mchango ukapanda mpaka shilingi elfu arobaini kwa kichwa, watoto nusu. Basi liliondoka alfajiri likiimba. Mjane mmoja wa jumuiya hiyo, mwenye wajukuu wanne, alibaki. Hakuna aliyemfukuza, hata angeomba, naamini wangempunguzia. Hakuomba. Nilimkuta siku hiyo akitwanga, wajukuu wamekaa kizingitini, na mdogo wao akaniuliza kama ziwa ni kubwa kuliko bwawa.

Soma Kumbukumbu la Torati 16:14. Amri ya kufurahi katika Sikukuu ya Vibanda ina orodha ya watu, na orodha hiyo si ya heshima tu: wewe, mwanao na binti yako, mtumishi wako wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane walio malangoni pako. Mwenye shamba hakuruhusiwa kufurahi na watu wa uwezo wake peke yao. Ikiwa mjane yuko nyumbani anatwanga, basi kwa kipimo cha Torati sikukuu haijafanyika, hata kama picha zimependeza. Nami nasema haya nikijua kwamba wapo watakaosema padri anapinga maendeleo. Sipingi ziwa. Anayeweza kuipeleka familia yake Mbamba Bay aipeleke, ni mahali pazuri mno. Ila sherehe ya jumuiya ipimwe kwa mfuko wa mwanajumuiya aliye chini kabisa, na kama mfuko huo hauna kitu, sherehe ianzie hapo.

Inawezekana. Chini ya Matogoro vipo viwanja, yapo mashamba yaliyovunwa yenye miembe pembeni, na wenye mashamba ni waumini wenzetu. Mtu akija na mahindi, mwingine na viazi vitamu, mwingine na kuku, mwingine na kuni tu, hakuna mahesabu ya kusomwa. Mikeka inatosha. Togwa inapoa vizuri kivulini. Waanze saa tisa, jua likiwa limelegea, wazee wakae upande wa jua kwa sababu ya baridi, watoto wakimbie. Mwenye kujua lizombe aonyeshe. Naona aibu kwamba vijana wetu wengine wameiona ngoma hiyo kwenye sherehe za serikali tu, kana kwamba ni mali ya mgeni rasmi. Chakula kikiwa tayari, asomwe Nehemia 8 au Kumbukumbu 16, dakika tano, na mtu mmoja atumwe na sahani kwa mgonjwa ambaye hakuweza kufika. Spika kubwa ibaki kwa mwenyewe. Watu wakikaa nje bila muziki huongea, na kuna ugomvi wa mipaka ya mashamba hapa kwetu ambao naamini ungekwisha kwa jioni mbili za namna hiyo, kabla haujafika barazani.

Kwa familia zinazotaka kulala uani, nina machache ya mtu aliyewahi kulala nje mara nyingi. Hema si lazima. Turubai na kamba mbili zinatosha, na kiangazi hiki mvua haitawasumbua. Baridi ndiyo itawasumbua: baridi ya usiku huu hutoka chini kuliko juu, kwa hiyo weka nyasi kavu au magunia matupu chini ya mkeka, na mablanketi uliyopanga kuyafunika, nusu yake yalalie. Chandarua ni lazima, hata kama mbu wa Juni ni wachache. Malaria haina likizo. Fagia uwanja mapema, ondoa mawe na magogo yanayoweza kuficha nyoka. Baba alale upande wa njia. Hayo yakifanyika, mtoto ataamka na baridi ya pua na habari ya kusimulia mwaka mzima.

Nikiwa kwenye uwanja huohuo, niseme neno juu ya fensi. Songea inajengwa haraka, na kila nyumba mpya inazungukwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Naelewa, wezi wapo. Lakini nimetembelea nyumba ambamo watoto hawajui jina la mtoto wa upande wa pili wa ukuta. Usiku wa kulala uani ni usiku mzuri wa kufungua geti mpaka saa tatu. Jirani Mwislamu aalikwe naye, na chakula kiandaliwe kwa namna atakayoweza kula bila kuuliza maswali. Sisi kwetu tumezikana miaka mingi bila kujali madhehebu. Sioni kwa nini tushindwe kuchoma mahindi pamoja.

Liko jambo la usiku wenyewe. Watoto wengi wa waumini wangu wanauogopa, na si kwa sababu ya nyoka. Wamejazwa hadithi za wachawi wanaotembea, za bundi, za watu wasioonekana. Mzazi Mkristo anayemwambia mwanawe kwamba giza ni la shetani amempa shetani nusu ya siku. Katika Mwanzo 15 Mungu anamtoa Ibrahimu nje usiku, amwonyeshe nyota, amwambie azihesabu kama anaweza. Ahadi kubwa ya imani yetu ilitolewa nje, gizani, kwa mzee aliyekuwa na wasiwasi. Wachungaji wa Bethlehemu nao walikuwa wanakesha kondeni. Basi mtoe mtoto nje. Mwezi huu, mapema usiku, upande wa kusini Msalaba wa Kusini umesimama juu, nyota nne ambazo hata mtoto wa miaka mitano anaziona akionyeshwa mara moja. Na kuelekea mwisho wa Juni, anayeamka kabla ya mapambazuko atakiona Kilimia kikirudi upande wa mashariki, kile kikundi cha nyota ndogo ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Mtoto aliyekwisha kuzijua nyota kwa majina hatishwi tena kirahisi na bundi.

Wapo watakaoniambia kwamba kambi zimeharibu vijana. Ni kweli, baadhi zimeharibu, na sitalipitisha hili kwa adabu. Kambi ya vijana isiyo na wazazi, yenye wasichana na wavulana wanaolala popote, yenye ulanzi uliofichwa kwenye dumu la maji, mimi siibariki, na paroko mwenzangu yeyote asiibariki. Wasichana walale mahali pao na akina mama wa kuwaangalia, wavulana mahali pao na akina baba, na mtu mzima yeyote asikae peke yake gizani na mtoto wa mwenzake, awe katekista, mwalimu wa kwaya au padri. Anayechukizwa na sharti hili ndiye hasa ninayemwekea. Na kambi isiwe kisingizio cha kukosa Misa ya Dominika. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inatudai Misa, na inatudai pia tuache shughuli zinazozuia furaha ya siku ya Bwana. Wengi tunakumbuka nusu ya kwanza. Lale nje Jumamosi, asubuhi jivuteni vumbi, njooni kanisani mkinuka moshi. Sitawatoa nje.

Wiki chache zilizopita, tarehe 3 Juni, Namugongo nchini Uganda ilijaa mahujaji, na wengi wao walifika kwa miguu kutoka mbali wakilala njiani. Kanisa kuu letu la Songea limewekwa chini ya Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba, mmoja wa mashahidi wale. Ukimwuliza hujaji amekumbuka nini, atataja Misa, halafu atataja usiku: nani alimpa maji, nani aligawana naye kanga. Jambo hilo halihitaji pasipoti.

Limebaki la mlima wenyewe. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, namba 84, anazungumza juu ya mtu aliyekulia milimani, au aliyezoea kukaa kando ya chemchemi na kunywa, au aliyecheza nje katika uwanja wa mtaani: akirudi mahali hapo, anasema, hujikuta tena mwenyewe. Nilipousoma nilidhani anaizungumzia Matogoro. Vijito vya milima hii vinanywesha mji wa Songea, na mto mkubwa wa kusini mwa nchi yetu unaanza hapa kama maji ambayo mtoto anaweza kuyaruka. Sehemu kubwa ya milima ni hifadhi ya msitu. Kila mwaka, kati ya Agosti na Novemba, tunaona moto ukipanda usiku kama mkufu, na kila mwaka hakuna aliyeuwasha. Ni mwindaji, ni mrina asali, ni mtu aliyekuwa anasafisha shamba. Sitaki mwaka huu aongezwe Mkatoliki aliyekuwa anamshukuru Mungu kwa mavuno.

Kwa hiyo msipige kambi ndani ya msitu wala kwenye vyanzo vya maji. Wanaotaka kupanda kuangalia waombe ruhusa kwa wahusika na washuke kabla ya jua kuzama. Mikusanyiko yetu ikae chini, shambani na uani. Mahali pa moto pafyekwe mpaka udongo uonekane, hatua tano kila upande, na mtu mzima mmoja apewe moto huo kama kazi yake ya jioni nzima, asiende kucheza lizombe. Ndoo mbili za maji ziwe zimeshajazwa kabla kiberiti hakijatolewa mfukoni. Na asubuhi, kabla turubai halijakunjwa, mtu aweke kiganja juu ya jivu. Likiwa bado na joto, mwagieni tena.